Gari la kasi lililoshushwa na masika ya Mwanza
Ndugu muulizaji, nimekuelewa: una Subaru Impreza WRX uliyoishusha kwa springi fupi ili ikae chini, unaishi Isamilo, na hujui kama uiendeshe masika haya au uiegeshe hadi Juni. Kwa maoni yangu iendeshe, ila si kila siku wala si kila njia. Utelezi si tatizo kubwa, kwa kuwa gari hilo huvuta kwa magurudumu yote manne. Hata hivyo, sifa hiyo haikusaidii kusimama, kwa hiyo kashata za tairi (meno yanayoshika barabara) zikibaki na kina cha chini ya milimita 3, badilisha tairi kabla ya kuteremka mlima uliolowa. Kinachoua magari ya namna hii ni maji yaliyotuama, hasa kandokando ya Mto Mirongo unapofurika: injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa, pistoni haiwezi kuyabana, na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) hupinda. Ikizimika majini usijaribu kuiwasha tena; ivutwe hadi kwa fundi, afungue plagi kwanza ili maji yatoke. Rudisha springi za kiwandani ili gari liinuke, na siku za mvua kubwa panda daladala (sioni aibu yoyote hapo). Bima ndogo (inayolipia madhara ya watu wengine tu) haitalipia injini yako. Ukiwa na bima kubwa, muulize wakala kuhusu mafuriko mapema.