Birika la Maji

Mwanangu,

Salamu zako na picha nimepata. Unauliza kama nyumba hiyo ya mawe na paa la nyasi unayotaka kupanga huko Mayo, Ayalandi, itakuwa na baridi kuliko fleti yako ya Galway. Uliza habari ya moto kwanza. Nyumba ni meko yake, nimekwambia tangu u mdogo.

Krismasi ya 1976 mwanafunzi mwenzangu alinipeleka kwa bibi yake, Connemara, upande huo huo wa Galway. Nyumba nyembamba, upana wake chumba kimoja tu, na milango miwili inayotazamana: upepo ukija huku, unafungua wa kule. Paa limekazwa kwa kamba zilizofungwa kwenye mawe yaliyochomoza ukutani, maana upepo wa Atlantiki hauna masihara. Vyombo vyote vimesogezwa ukutani, katikati peupe. Vigoda vina miguu mitatu, kama mafiga, ndiyo maana haviyumbi kwenye sakafu ya mashimo. Mimi nililazwa jikoni, kwenye benchi ambalo usiku hufunguliwa hadi chini likawa kitanda kama sanduku.

Bibi akafukia makaa ya ule udongo wa kinamasi wanaoukausha na kuuchoma kama kuni, akasali, akaenda kulala. Nikabaki nakodolea nyasi za paa. Jiko letu la Pangani unalijua lilivyokwisha kwa moto. Nikaamka, nikamwaga birika zima la maji juu ya makaa.

Asubuhi aliyachokonoa majivu, hakusema neno. Akajitanda shali, akatoka na mvua ile kwenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Mjukuu ndiye aliyeniambia: moto ule haukuzimika tangu bibi aolewe pale.

Nilikosea? Nyasi ni nyasi, zinaungua popote. Lakini paa lile lilikaa juu ya moto ule miaka yote hiyo, basi nilikosea. Ningejuaje, hakuniambia! Ila mgeni ndiye wa kuuliza.

Usinibane niseme uichukue au uiache, kodi unalipa wewe. Gusa tu kuta kwa ndani. Mawe yale hujengwa kwa udongo au chokaa ili unyevu upate pa kutokea. Mtu akiyapiga plasta ya saruji, maji yananaswa humo humo. Tena utazame kama meko yamezibwa. Yakiwa yamezibwa na mahali pake pamewekwa hita ya umeme, mimi kwa kweli... Basi. Mama yako ananiambia nimeshasema.

Baba yako