Kabla hujatuma hata dola moja ya kikombozi

Mwenye stesheneri mmoja wa Tanga ameniandikia juzi. Kompyuta yake ya kuchapia mitihani ya shule imefungwa. Kila faili limeota mkia wa herufi nne asioujua, na ndani ya kila folda kuna _readme.txt inayodai dola 980, au 490 akiwahi ndani ya saa 72. Ameuliza mambo mawili: atapataje bitcoin za haraka, na akishalipa, polisi wanaweza kuzifuata?

La kwanza silijibu. La pili nitalijibu kwa kirefu, maana watu wengi wanaamini kripto, yaani sarafu za mtandaoni kama bitcoin, ikishatumwa imeingia shimoni. Lakini tuanze na mashine yenyewe, kwa sababu huenda hakuna haja ya kulipa chochote.

Maelezo hayo ni ya kirusi kiitwacho STOP, au Djvu. Hakivamii benki. Kinavizia wapenda vya bure: aktiveta ya Windows, Photoshop ya kukraki, gemu la kupakua. Fundi anakupigia Windows, anazima antivairasi "isisumbue", anabofya aktiveta, anachukua elfu ishirini yake na kuondoka. Nimeshachoka kulisema hili na nitaendelea kulisema.

Cha kufanya sasa hivi: chomoa waya wa intaneti, zima Wi-Fi, toa flashi na diski zote za nje. Usikubali mtu aifomati mashine. Mafundi wetu wana haraka ya kufomati, na hapo ndipo tumaini linapofutwa. Nenda diski C, fungua folda la SystemID, humo kuna PersonalID.txt. Tazama herufi mbili za mwisho za namba iliyomo. Zikiwa t1, kirusi hakikufika kwenye seva ya wahalifu wenyewe kikatumia ufunguo wa akiba, ambao ni uleule kwa kila aliyepigwa na toleo hilo. Ufunguo huo ukishapatikana na watafiti, programu ya bure ya kampuni ya Emsisoft inakufungulia. Namba ikiishia vinginevyo, ufunguo ni wako peke yako na uko kwao. Hapo nakili mafaili yaliyofungwa kwenye diski tupu na uyahifadhi.

Zaidi ya hapo, kirusi hiki kina uvivu wake. Hufunga takribani kilobaiti 150 za mwanzo za kila faili, basi. Mtihani wa Word wa kilobaiti 60 umekwenda wote. Video ya harusi ya gigabaiti mbili imeharibika kichwa tu, na programu za kutengeneza video mara nyingi huifufua. Faili la zip lenye picha mia mbili huweza kupoteza ya kwanza na kukupa zilizobaki. Jaribu haya kwenye nakala, kamwe si kwenye faili halisi. Na kabla ya kuingia benki kwa mashine ile, kumbuka kwamba Djvu huja na mwenzake anayeiba nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza. Badilisha nywila zote ukitumia kifaa kingine.

Kama kirusi chako ni cha aina nyingine, pita kwanza No More Ransom, tovuti iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Ulaya), na kampuni za usalama wa kompyuta Kaspersky na McAfee. Unapakia faili moja lililofungwa pamoja na barua ya madai, inakuambia ni kirusi gani na kama kuna dawa. Haitozi hata senti.

Sasa pesa. Bitcoin ni leja, yaani daftari la miamala yote, iliyo wazi kwa dunia nzima. Chukulia orodha ya michango ya harusi iliyobandikwa kwenye kundi la WhatsApp: kila mtu anaona nani katoa ngapi na lini, isipokuwa waliochanga wametumia lakabu. Ukijua lakabu moja ni ya nani, orodha nzima inaanza kusema.

Inasema vipi? Tuseme mtekaji ana vipande viwili vya bitcoin: 0.006 kutoka Tanga na 0.009 kutoka kwa mwathirika wa Manila, kila kimoja kwenye anwani yake, ambayo ni kama namba ya akaunti. Anataka kupeleka 0.014 kwenye soko la kripto akauze. Bitcoin haimegi kipande. Kinatumika chote na chenji inarudi. Muamala wake utaonesha anwani mbili zinazoingiza na mbili zinazopokea: 0.014 kwenda sokoni, 0.0009 ikirudi kwake kama chenji, na 0.0001 iliyobaki ni ada ya wachimbaji, wale wanaothibitisha miamala. Hapo kajianika mara mbili. Kusaini vipande viwili kwa pamoja kunaashiria kwamba funguo zote mbili ziko mkononi mwa mtu mmoja, kwa hiyo Tanga na Manila wameibiwa na yuleyule. Chenji nayo inafichua anwani yake mpya. Kuna miamala ambayo watu wengi huchanganya vipande vyao kwa makusudi ili kuvuruga hesabu hii, na mchambuzi mwenye pupa hunasa humo. Ila mtekaji wa kawaida hana subira hiyo. Anataka hela.

Na hela anaipata sokoni, ambako masoko makubwa yanadai kitambulisho na picha ya uso. Leja inakufikisha kwenye mlango wa soko. Jina liko ndani, na soko hulitoa kwa polisi, halikupi wewe hata ukilia.

Mfano uliosomeka vizuri ni Colonial Pipeline ya Marekani, kampuni ya bomba la mafuta iliyofungiwa kompyuta zake tarehe 7 Mei 2021 na kundi la DarkSide. Wavamizi waliingia kwa nywila iliyovuja ya akaunti ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa kampuni kutoka mbali) ambayo haikuwa na uthibitisho wa pili. Kesho yake kampuni ililipa bitcoin 75, wakati huo kama dola milioni 4.4. FBI waliufuata mzigo kwenye leja hiihii unayoweza kuifungua kwa simu yako, wakaona umegawanywa: asilimia 85 kwa mshirika aliyevamia, iliyobaki kwa wenye programu ya kirusi. Tarehe 7 Juni Marekani ikatangaza kuchukua bitcoin 63.7 kutoka anwani moja. Thamani yake siku hiyo ilikuwa takribani dola milioni 2.3, kwa kuwa bei ilikuwa imeporomoka.

Watu husimulia kisa hiki kana kwamba kufuatilia ndiko kulikorudisha pesa. La. Pesa zilirudi kwa sababu FBI walikuwa na ufunguo wa siri wa anwani ile. Kufuatilia kulionesha zimelala wapi tu. Ya Bitfinex, soko la kripto, ni vilevile: bitcoin zaidi ya 119,000 ziliibwa Agosti 2016, dunia ikazitazama kwa miaka, na Februari 2022 wachunguzi wakachukua zaidi ya 94,000 baada ya kufungua faili la funguo ambalo mshukiwa alilihifadhi kwenye akaunti yake ya mtandaoni.

Kwa nini basi nakukataza kulipa? Tazama WannaCry, kirusi kingine cha kudai kikombozi, cha tarehe 12 Mei 2017. Dola 300 kwa kila mashine, duniani kote, zikielekezwa kwenye anwani tatu tu. Leja ilionesha malipo yakiingia, lakini mtekaji hakuwa na njia ya kutegemewa ya kujua lipi ni la nani. Mtu analipa, hafunguliwi. Agosti mwaka huo pesa zikahamishwa, nyingine zikageuzwa Monero, sarafu inayoficha mtumaji, mpokeaji na kiasi. Hapo njia ikafunikwa. Hata Colonial, waliopewa kifunguzi baada ya kulipa, walikikuta cha polepole mno wakategemea bakapu zao wenyewe.

Madai ya kwetu siku hizi mengi ni ya USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, kwenye mtandao wa Tron, hasa ya wale wanaotishia kuvujisha picha za faragha. Anwani huanza na T na ina herufi 34. Hii inafuatika kirahisi kuliko Bitcoin, na ina kitu ambacho Bitcoin haina: kampuni ya Tether inayoitoa sarafu hiyo inaweza kuigandisha anwani isitoe kitu. Hufanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola, na ni lazima pesa ziwe bado zimo. Saa chache zina maana kubwa hapa.

Kama ulishalipa, andika hivi. Anwani nzima kwa maandishi, usitegemee picha ya skrini iliyokatwa nusu. Namba ya muamala. Ya Bitcoin ina herufi na tarakimu 64. Jina la mtandao. Kiasi kamili pamoja na desimali zote. Muda kwa saa 24: "saa nne usiku" itamchanganya mchunguzi, andika 22:00 saa za Afrika Mashariki, na ujue leja nyingi huonesha 19:00 kwa kuwa zinatumia UTC, saa ya kimataifa. Kama ulinunua kripto kwa mtu ukamlipa kwa M-Pesa, usifute meseji ya muamala. Ndiyo inayothibitisha kwamba pesa zilitoka kwako. Hakikisha pia kwamba anwani uliyolipa ndiyo iliyo kwenye barua ya madai, kwa kulinganisha herufi zote, maana kuna virusi vinavyobadilisha anwani unapokopi na kupesti.

Kisha polisi. Tanzania unachukua RB, Kenya namba ya OB, na unaomba jalada lifike kitengo cha makosa ya mtandao. Watu wengi hapa Tanzania wanaogopa kwa sababu Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazikubaliki kisheria. Wewe umekuja kuripoti kosa ulilotendewa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili hiyo. Bila jalada, hakuna soko litakalokusikiliza. Likiwepo, mpelelezi anaweza kupeleka ombi kupitia mlango maalumu ambao masoko kama Binance yamewawekea polisi.

Ukishaanza kuulizia habari hizi mtandaoni, watakufuata "wataalamu wa kurejesha kripto". Watakutumia picha za leja zenye mishale myekundu, na mishale hiyo inaweza hata kuwa ya kweli, kwa kuwa leja iko wazi kwa kila mtu. Halafu wataomba ada ya kutangulia, au "kodi ya kuachilia mzigo", au yale maneno 12 au 24 yanayofungua pochi yako ya kripto. Muamala wa Bitcoin uliothibitishwa hautenguliwi na mtu yeyote, na ukiwapa maneno hayo wanabeba na kile ambacho mtekaji wa kwanza alikuachia.