Maswali na majibu: Watu wa misimamo na mazingira yao

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kwenye nyumba za namna moja: watu wa dini na heshima, waliochoka kuambiwa kwamba hawawezi kujali mazingira mpaka kwanza waache wanachokiamini. Nimezifupisha.

Mume wangu ni mhafidhina hasa. Nikigusia mabadiliko ya tabianchi anasema hizo ni siasa za watu wasiotaka ndoa wala dini. Nimjibu nini?

Dada, mjibu kwa watu wa upande wake. Richard Nixon, rais wa Marekani kwa tiketi ya Republican, chama cha wahafidhina wa huko, ndiye aliyeanzisha shirika la serikali la kulinda mazingira mwaka 1970. Mkataba wa Montreal wa 1987, uliobana kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, uliungwa mkono na Ronald Reagan, rais mwingine wa Republican, na Margaret Thatcher, waziri mkuu mhafidhina wa Uingereza, na hao hakuna aliyewahi kuwadhania kuwa wanamapinduzi. Thatcher, aliyesomea kemia kabla ya kuingia siasa, alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Novemba 1989 akaonya kuhusu hewa ukaa inayorundikana angani. Uzeeni aliwageuka wanaharakati, na mumeo akilijua hilo atakurushia. Mwambie kemia ya 1989 haikumfuata alikogeukia.

Ila historia haizimi taa wala haifungi bomba. Kwa muda liweke kando neno tabianchi, zungumzeni israfu. Sijakutana na mtu wa dini anayeitetea israfu hadharani.

Tuna watoto sita na hatujutii hata mmoja. Jamaa wanatuambia sisi ndio tunaoimaliza dunia. Kweli?

Baba, idadi ya watu ina uzito wake na sitakuficha: midomo mingi inataka chakula kingi na maji mengi. Lakini kuhesabu vichwa tu kunapotosha. Asilimia 10 ya watu wenye kipato kikubwa zaidi duniani ndio wanaosababisha karibu nusu ya gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani, na hawakufika huko kwa kuzaa. Wamefika kwa ndege, majumba na manunuzi.

Nyumba ya watu wanane ina faida yake: friji moja, jiko moja, taa moja sebuleni, nguo zinazoshuka kutoka kwa mkubwa hadi kitinda mimba. Faida hiyo hupotea siku kila mtoto anapotaka chumba chake, skrini yake na baadaye gari lake. Hapo ndipo pa kukazia. Mambo ya uzazi ni yako na mkeo, na jamaa hawajaalikwa.

Mama mkwe anasema nepi za kutupa ni uvivu, tutumie za nguo kama walivyofanya wao. Je, kweli ni bora kwa mazingira?

Inategemea mnavyofua. Idara ya mazingira ya Uingereza ilichapisha mwaka 2008 utafiti ulioonyesha kwamba nepi za nguo zikifuliwa mashine ikiwa imejaa, zikaanikwa nje na zikatumiwa tena kwa mtoto wa pili, zinazishinda za kutupa kwa mbali. Zikifuliwa kwa maji ya moto sana na kukaushwa kwa mashine, zinaweza kuwa mbaya kuliko za kutupa. Kwa hiyo mama ana haki, mradi kamba ya kuanikia nayo irudi. Na kama aliyesema "uvivu" yuko tayari kufua zamu moja moja, mpokee kwa mikono miwili.

Binti yangu wa miaka 15 ananisuta mezani, mbele ya wadogo zake, kwa sababu ya nyama na gari. Nyumba hii haijawahi kuwa na mtoto wa kumsuta baba.

Umechanganyiwa vitu viwili kwenye sahani moja: adabu na hoja. Kosa la adabu lishughulikie, tena faragha, maana ukimwaibisha mbele ya wadogo zake utakuwa umefanya kilekile unachomkataza. Ila usiitumie adabu kuikwepa hoja. Mtoto anajua pale mzazi anaponyamazisha kwa sababu hana jibu, na heshima inayobaki hapo ni ya woga.

Na kuhusu nyama, hoja anayo. Ng'ombe hutoa methani, mojawapo ya gesijoto kali, anapocheua, na malisho yake hula ardhi kubwa, kwa hiyo nyama yake ina gesijoto nyingi mno kuliko ya kuku, na maharage ndiyo kabisa hayafikii. Huhitaji kuifukuza nyama mezani. Ipunguze, na useme wazi kwamba umepunguza kwa sababu alichosema kina ukweli. Baba anayekubali hoja ya mwanawe hapungukiwi na kitu.

Kisha mpe kazi. Yeye ndiye asome mita ya umeme na ya maji kila mwisho wa mwezi, atoe ripoti kwa lugha ya heshima, na apendekeze pa kupunguza, akianzia chumbani kwake. Nashuku kelele nyingi za umri huo ni hofu. Wamesikia dunia inaungua na hakuna mtu mzima aliyewapa hata ndoo. Ukimpa wajibu, sauti itashuka. Pia aache kuoga nusu saa.

Tulikubaliana kuishi bila kuharibu, lakini anayetenganisha taka, anayefua na anayepika upya mabaki ni mimi tu. Mume anasema nyumba ni ya mke.

Hapa sitakuwa mpole. Mumeo akishika msimamo kwamba yeye ni kichwa cha nyumba, basi kichwa ndicho kinachobeba mzigo. Bomba linalovuja, mlango wa friji usiofunga sawasawa, dirisha linalopitisha upepo, baiskeli ya mtoto iliyokatika mnyororo: hizo ni kazi za mikono, na hakuna mila ninayoijua inayomzuia mwanamume kuzifanya. Kutoa taka nje wapeni vijana wa kiume. Kama hata hayo yanamshinda, punguza orodha yako bila kuomba radhi. Nyumba inayotunza mazingira kwa kummaliza mama haitadumu miaka miwili.

Wageni wetu wakiondoka chakula kisipobaki, tunaonekana wachoyo. Tutafanyaje?

Mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05 kwa hesabu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na asilimia 60 ilitoka majumbani, si hotelini wala madukani. Kikizikwa jalalani kisipopata hewa, chakula hicho hutoa methani, ambayo kwa miaka 20 ya kwanza huzidi hewa ukaa kwa zaidi ya mara 80 katika kunasa joto.

Pikeni vya kutosha, pakueni kidogo, mrudie kuwapakulia. Mgeni anayeongezewa mara tatu huondoka akiwasifu. Kinachobaki afungashiwe kabla hajavaa viatu. Maganda yafanyeni mboji.

Tununue paneli za sola na gari la umeme, au tungoje?

Paneli zipigieni hesabu ya miaka, si ya mwezi, na msikope kwa riba msiyoiweza. Gari mlilonalo litumieni hadi lichakae, isipokuwa kama mnaendesha mwendo mrefu kila siku. Hapo hesabu hugeuka, kwa sababu kutengeneza gari la umeme hutoa gesijoto nyingi kuliko la petroli, na deni hilo hulipwa barabarani, kadiri mnavyoliendesha. Umeme wenu ukiwa wa maji, upepo au jua, hulipwa mapema. Ukiwa wa makaa ya mawe, mtasubiri sana.