Karatasi ya moyo ikisema "sawa" na kifua bado kinabana

Daktari, mzee wetu wa hapa Bombo alibanwa kifua alfajiri, jasho likamtoka. Walimpima ECG, kipimo cha umeme wa moyo kinachochorwa kwenye karatasi, mara moja tu, wakasema ni sawa, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Kesho yake akaanguka. Mashine ilikosea?

Poleni sana. Mashine haikukosea: ilisoma sekunde 10 tu za moyo wake. Mshipa unaoziba huweza kufunguka kidogo kisha ukaziba tena, na karatasi ya kwanza ikakuta moyo umetulia. Ndiyo maana, maumivu yakiendelea, kipimo hurudiwa kila baada ya dakika 15 hadi 30. Damu nayo hupimwa troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, zaidi ya mara moja, maana huchukua saa kadhaa kupanda. Naumia kila ninaposikia "vidonda vya tumbo" vikitajwa kabla hata ya kipimo cha pili.

Mimi ni muuguzi Arua. Tumefundishwa kutafuta ST iliyopanda, kile kipande cha mstari wa ECG kinachofuata pigo kubwa la moyo. Isipopanda, nitazame nini?

Dada, swali lako laweza kuokoa watu. Anza na V1 hadi V3, waya za mbele ya kifua. ST ikiwa imeshuka hapo, usiridhike kwamba "haijapanda". Huenda ukuta wa nyuma wa moyo ndio unaokufa, nawe unautazama kwa mbele, kama mtu anayesoma maandishi kwenye kioo. Chukua waya za V4, V5 na V6, uzihamishie mgongoni chini ya bega la kushoto, usawa uleule wa V6, upime tena. ST ikipanda huko hata nusu milimita, umeshapata jibu.

Kisha tazama mawimbi ya T, yanayofuata ST. T nene, pana, kubwa kuliko QRS (lile pigo kubwa lenye ncha) inayoitangulia, huja mapema kabla ST haijanyanyuka. Mwaka 2008 de Winter na wenzake wa Uholanzi walieleza sura nyingine: ST imeshuka ikielekea juu, kisha T ndefu yenye ncha. Huo ni mshipa mkuu wa mbele ulioziba, na mgonjwa wa namna hiyo hasubiri asubuhi.

Sura inayonitisha zaidi ni ile iliyoelezwa na timu ya daktari wa moyo Hein Wellens mwaka 1982. Mgonjwa anafika akicheka, maumivu yamekwisha, lakini T ya V2 na V3 inapanda kisha inazama, au imepinduka kabisa. Mshipa umebaki tundu dogo. Usimrudishe nyumbani, wala usimkimbize kwenye mashine ya mazoezi ya kupimia moyo.

Na aVL, mchoro unaoutazama moyo kutoka mkono wa kushoto, usiisahau: ST ikishuka hapo peke yake, chunguza kwa makini II, III na aVF, michoro inayotazama ukuta wa chini. Ukuta wa chini ukihusika, hamishia V4 upande wa kulia kabla ya kumpa nitrati, dawa ya kutanua mishipa, kwani upande wa kulia ukiwa umeumia presha yaweza kuporomoka.

Nina kisukari, naishi Jinja. Nilisikia sisi hatuumwi kifua. Kweli?

Mama, wengi wenu huumwa, ila wapo wasioumwa. Kuishiwa pumzi ghafla, kichefuchefu, jasho baridi au uchovu usio na sababu: nenda upimwe siku hiyohiyo, na uwaambie mapema kwamba una kisukari.

Naendesha boda Mbale, nina miaka 27. Mashine iliandika shambulio la moyo, daktari akasema ni umbile langu tu.

Inawezekana kabisa. Vijana wengi wa Kiafrika wana ST iliyonyanyuka kidogo bila ugonjwa. Itunze karatasi hiyo, ndugu yangu. Siku ukiumwa kweli, ndiyo watakayolinganisha nayo.

Tuko mbali na Kampala. Tufanye nini kwanza?

Kama hana mzio wa aspirini wala hatoki damu, atafune miligramu 300. Kama mnazo za 75, atafune nne. Asiendeshe mwenyewe. Kituoni, waombeni wapige picha ya ECG na kuituma kwa daktari wa moyo. Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago ina chumba cha kuzibua mishipa. Na kila karatasi iandikwe saa iliyopimwa, na kama maumivu yalikuwapo au yalikuwa yameisha.