Mwani umenishinda, nifanyeje?

SWALI: Habari, nina tangi la matumbawe la maji ya chumvi, lita 200, mawe yote yameota mwani wa kijani kama nywele, naung'oa leo wiki ijayo umerudi, na nikipima naitreti na fosfeti (virutubisho vinavyolisha mwani) naona sifuri. Sasa unakula nini jamani?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hiyo sifuri isikudanganye, chakula kipo ila mwani unakiwahi kabla kipimo hakijakiona. Anza na maji, kama unatumia ya bomba acha, mara nyingi yana fosfeti na naitreti, tumia yaliyochujwa kwa mashine ya RO (inayosukuma maji kwenye utando mwembamba unaozuia uchafu na chumvi), hata yale ya kufidia yanayokauka. Punguza kulisha. Halafu ung'oe kwa mkono, jiwe linaloweza kutolewa lisugue kwa mswaki nje ya tangi kwenye ndoo ya maji ya chumvi, maana vipande vikibaki ndani vinaota upya, na palepale badilisha kama asilimia 10 ya maji. Ukishaufupisha ndo uweke konokono, wengi hawagusi nywele ndefu (hapa ndo watu wanakata tamaa bure, wanasema konokono wavivu). Taa punguza masaa kidogo, usizime kabisa, matumbawe yanahitaji mwanga.

Ila uangalie vizuri, mwani ukiwa na umbo la manyoya ya ndege basi ni braiopsisi, aina nyingine ya mwani, huo konokono wengi hawauli, wafugaji wengi wanautibu kwa flukonazoli, dawa ya fangasi. Na usikimbilie kumaliza naitreti na fosfeti zote, matumbawe nayo yanazihitaji. Jipe miezi miwili mitatu.