Mdogo wako kiziwi na mafuriko ya Msimbazi

Dada, umeuliza mdogo wako kiziwi, aliyepanga Kigogo bondeni, atajuaje usiku kwamba mto Msimbazi wa hapo Dar umefurika. Kipaza sauti hakimfai, na ukipiga 114 ya Zimamoto lazima uongee. Anza na jirani: apewe ufunguo wa akiba, wakubaliane kabisa kwamba tochi ikimulikwa usoni mara tatu, ni kutoka, hakuna kuulizana. Simu aiweke kwenye mtetemo chini ya mto wa kulalia, ila si ikiwa kwenye chaji, inapata moto. TMA (watu wa hali ya hewa) wakitoa angalizo, yaani onyo la mwanzo, mtumie meseji (watu wanawatumia viziwi voisi, sijui wanategemea nini!). Mjumbe naye akijue chumba chake. Onyo lao likifika tahadhari kubwa, ndiyo ngazi ya juu, aje kwako mchana, njia ikiwa bado inapitika.