Eksteno haichomwi, inachomekwa

Swali la leo limetoka kwa msomaji mwenye stesheneri Ng'ong'ona, jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Wateja wangu wengi ni wanachuo, wanakuja na flashi na eksteno zao, yaani hadi diski za nje, kuprinti, wanachomeka na kuchomoa kompyuta ikiwa inawaka, wengine wanachomoa faili bado linakopi halafu kesho yake wanarudi wanasema nimewaharibia. Nataka kubandika tangazo. Kijana wangu wa kazi kaandika: Kuchoma moto ruksa, kutoa bila kuejekti marufuku. Anasema kuchoma moto ndo hoti plagi kwa Kiswahili. Je, ni sahihi?"

Marahaba. Si sahihi, na hilo tangazo usilibandike kabisa, mpita njia akilisoma atadhani mnauza mkaa. Andika hivi: "Ruksa kuchomeka kompyuta ikiwa inawaka. Usichomoe kabla hujaejekti." Basi. Kuejekti ni kuiambia kompyuta iiachie flashi au eksteno kabla hujaichomoa. Hoti plagi ni hicho tu, kuchomeka kitu bila kuzima mashine, na Kiswahili kinalisema hilo vizuri bila kutafuta moto popote. Kijana wako najua huo moto kautoa wapi, mafundi umeme wanasema waya wa moto wakimaanisha waya wenye umeme na wako sawa kabisa, ila pale moto umeungana na waya, ukiuhamishia kwenye kuchoma hakuna tena anayewaza umeme.

Na jambo lenyewe wala halina ajabu. Chukua plagi ya kawaida ya USB, ile bapa, ichungulie kwa ndani, utaona vibati vinne, viwili vya pembeni ni virefu kidogo kuliko viwili vya katikati. Vya pembeni ndo vya umeme, vya katikati ni vya data. Kwa hiyo ukichomeka, umeme unatangulia kufika, ukichomoa data inakatika kwanza ndo umeme unafuata. USB imetoka 1996 na toka mwanzo ilikusudiwa uchomeke na kuchomoa mashine ikiwa inawaka. Zile hadi diski za zamani za IDE zenye waya mpana kama utepe ndo zilikuwa haziruhusu, hizo lazima uzime kompyuta kwanza.

Sasa tuje kwenye kinachonikera, maana kijana wako sio peke yake. Hii "kuchoma" badala ya "kuchomeka" imeenea mjini hapa mpaka inatia hasira. "Choma chaja hapo." "Nimechoma flashi." "Naomba nichome simu yangu kidogo." Jamani, cha kuchoma ni mbuzi, tena nenda Msalato mnadani ukachome vizuri, simu ya watu ina kosa gani!

Chukua sentensi moja tu, nimeshaiona mara nyingi kwenye meseji za watu kwa mafundi: "Fundi, nimechoma eksteno kwenye kompyuta haisomi." Fundi aelewe nini hapo? Inawezekana huyu mtu kweli kaichoma. Zile eksteno kubwa za mezani, za inchi 3.5, hazitoshelezwi na umeme wa USB, zinakuja na adapta yake na nyingi ni ya volti 12, sasa mtu akipoteza adapta anaokota ya laptop ya volti 19 kwa vile tundu limeingia, anawasha, kinatoka kiharufu, kwisha habari. Huyo akisema nimechoma eksteno kasema kweli tupu na Kiswahili chake hakina doa. Ila inawezekana pia kachomeka tu na haisomi, na hapo dawa ni nyepesi, ahamie tundu la nyuma ya kompyuta, maana matundu ya mbele kwenye desktopu yanapita kwenye kiwaya cha ndani mpaka kufika kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na mara nyingi umeme unafika hafifu, au tundu lenyewe ni la USB 2.0 ambayo kiwango chake ni miliampia 500 wakati 3.0 inafika 900, na eksteno ndogo inayojitegemea kwa umeme wa USB tu inaweza kugoma kuzunguka. Kwa wa kwanza fundi anaenda kutafuta bodi, kwa wa pili anamwambia hamisha waya tu bure. Meseji ni ile ile! Yaani silabi moja ya ziada ndo ingemwonyesha fundi anashughulika na maiti au mzima, na hiyo silabi mtu kaona uvivu kuiandika.

Wengine wananijibu, mbona tunasema kuchoma sidii? Hiyo naiacha, japo imekuja na mashine zenyewe, kwa sababu pale kuna kitu kinaungua kweli, mwanga wa leza unaunguza tabaka la rangi ndani ya sidii tupu na zile alama ndo data. Lakini kwenye hadi diski hakuna kinachoungua, kuna sumaku tu inageuzwa, na kwenye flashi ni chaji za umeme zinahifadhiwa. Kwa hiyo ukiniambia umechoma nyimbo kwenye flashi nakukatalia, umeingiza, umeweka, umerusha, chagua lolote humo.

Asili ya neno ni fupi. Choma ya zamani ina maana ya kutoboa au kupenya kwa ncha, ndo maana mwiba unachoma na nesi anachoma sindano. Ukiiwekea -eka inakuwa kupenyeza kitu kikae mahali, na mwenzake wa kukitoa ni chomoa. Hii ni familia nzima, watoto wanaijua bila kufundishwa: bandika na bandua, funika na funua, anika na anua, ezeka na ezua. Hakuna mtu Dodoma anasema "kaane nguo" akimaanisha akazianike, lakini mtu huyo huyo anaikata mkia chomeka asubuhi mpaka jioni.

Na kuna mtego hapo hapo ambao hata wanaosema chomeka wanaingia. Ukisema "eksteno imechomeka", kwa anayesikiliza vizuri inaweza kuwa imeungua, sawa na nyama imechomeka vizuri, kwa sababu choma ya moto nayo ikiingia kwenye kutendeka inatoa chomeka ile ile. Hapa tumia kutendwa: eksteno imechomekwa, chaja imechomekwa. Herufi w hiyo usiidharau. Au pindua, "nimechomeka eksteno", mtendaji akiwepo hamna utata. Chomekea iacheni ibaki kwa shati na kwa madereva wa daladala wanaotanua halafu wanajipenyeza mbele za watu, kule imekaa mahali pake.

Kwenye tangazo la kijana wako kuna "kutoa" pia. Kutoa sio kosa, ila ni neno la watu wote, sadaka inatolewa, hesabu inatolewa, na kompyuta nayo ukiiambia itoe diski unaweza kuwa unamaanisha kuejekti, wakati mteja anaelewa kung'oa waya. Ni vitendo viwili tofauti na wewe unataka kimoja kitangulie kingine, kwa hiyo vipe maneno mawili, ejekti halafu chomoa.

Najua mtanilaumu kwa ejekti, mtaniuliza Kiswahili chake. Ondoa kwa usalama ni refu na nalo linachanganywa na kuchomoa. Ejekti imeshapokelewa: anaejekti, niejektie, imeejektiwa, inanyambulika kama wenzake na haimpotezi mtu, mimi sina nguvu ya kugombana nayo. Ninachogombana nacho ni wanaosema siku hizi haina haja. Ni kweli Windows 10 kuanzia toleo la 1809 la mwaka 2018 imewekwa ili kuchomoa haraka kusilete shida, maana haikai tena na data mkononi ikisubiri kuiandika baadaye. Ila faili linalokopi bado linakopi, ukichomoa katikati linabaki nusu, toleo liwe lipi. Kwa eksteno ya kuzunguka ukishaejekti mwambie mteja asiinyanyue papo hapo, asubiri taa iache kupepesa na ule mvumo utulie, ndo achomoe.